Daftari la Zawadi: Kuvika Kaunta Buku, Kushona Kitita Kimoja, au Kushona kwa Mnyororo?

Mtu anapoamua kumtengenezea rafiki yake daftari kwa mikono yake, mara nyingi huanza na kitambaa. Huenda Mtaa wa Uhuru, Kariakoo, akapendezwa na kitenge fulani, akarudi nacho nyumbani, ndipo anapojiuliza kitavikwa nini. Mimi nilianza hivyo hivyo, na daftari la kwanza nililomtengenezea rafiki yangu lilikuwa zuri mno hata hakuthubutu kuliandika. Miaka miwili baadaye nililiona kabatini kwake, bado limo ndani ya karatasi ya zawadi, kurasa zote nyeupe. Alinieleza bila kificho kwamba aliogopa kuliharibu. Tangu siku hiyo nimekuwa nikilinganisha njia za kutengeneza daftari kwa kipimo kimoja ambacho nakitanguliza mbele ya urembo: je, atakayepewa ataliandika?

Njia ninazozilinganisha hapa ni tatu. Ya kwanza ni kununua kaunta buku lililo tayari dukani na kulivika jalada jipya la kitambaa. Ya pili ni kukunja karatasi chache kwa pamoja, kuziweka ndani ya jalada laini na kuzishona katikati ya mkunjo. Kifungu hicho cha karatasi zilizokunjwa pamoja nitakiita kitita. Ya tatu ni kuandaa vitita kadhaa na kuviunganisha kimoja na kingine kwa mshono unaofanana na mnyororo, baina ya majalada mawili magumu. Ipo pia njia ya kutoboa karatasi pembeni na kuzishona kwa juu, kama Wajapani walivyozoea, na ipo ile ya kupeleka karatasi kwenye duka la steshenari zikatiwa spairo, ule mzunguko wa waya au plastiki unaoshika kurasa. Hizi mbili naziweka kando mapema. Daftari lililoshonwa pembeni halifunguki likatulia, kwa hiyo linafaa kubandikia picha kuliko kuandikia. Na spairo, ingawa inafunguka vizuri, ni kazi ya mashine ambayo haimwachii mtengenezaji nafasi ya kuweka mkono wake isipokuwa juu ya kava.

Mtazame kwanza anavyoandika

Kabla ya kuchagua njia yoyote, mtazame rafiki yako anapoandika. Rafiki yangu mmoja ni muuguzi; yeye huandika akiwa amesimama, daftari likiwa kiganjani, na akimaliza hulitumbukiza kwenye mfuko wa sare. Kwake daftari lenye jalada gumu la ukubwa wa A5, yaani milimita 148 kwa 210, ni mzigo, ilhali kijitabu laini cha A6, ambacho ni nusu ya hapo, hukaa mfukoni zamu nzima bila kumsumbua. Jirani yangu aliye mweka hazina wa kikoba, yaani kikundi cha kuweka na kukopa, huandika mezani, kwa safu za tarakimu, na bila mistari kazi yake haiendi. Rafiki wa tatu anaandika kwa mkono wa kushoto, na kila daftari ambalo halifunguki likalala chapachapa humlazimisha kuuegemeza mkono juu ya kilima cha kurasa kilicho katikati. Watu hawa watatu hawawezi kupewa daftari la aina moja, hata kama wote wanapenda kitenge kilekile.

Kuvika kaunta buku

Hii ndiyo njia ya haraka, na haistahili kudharauliwa. Kaunta buku la kwaya 2 (kwaya ni kipimo cha wingi wa karatasi) lina kurasa 192, zimepigwa mistari, na mwandishi anayelipokea tayari analijua: amelitumia shuleni, amelitumia dukani, haogopi kulichafua. Kazi yote inaweza kufanyika jioni moja, ikifuatiwa na usiku mmoja wa kukaushia, kwa mkasi, rula, brashi na gundi peke yake.

Ugumu wake uko kwenye mgongo wa daftari. Kila aliyewahi kuvika madaftari ya shule anajua kwamba kava lililokatwa na kubanwa daftari likiwa wazi huvutika daftari linapofungwa, kwa sababu kitambaa hulazimika kuuzunguka mgongo wote na kukuta hakitoshi. Kwa hiyo bandika upande wa mbele kwanza, lifunge daftari, kizungushe kitambaa kwenye mgongo likiwa limefungwa, kisha ndipo umalizie upande wa nyuma. Acha sentimita 2 za kitambaa kila upande kwa ajili ya kukunjia ndani, na kwenye pembe kata kwa mshazari ukibakiza nafasi kidogo mbele ya ncha ya jalada, ili kadibodi isichungulie nje baada ya kukunja. Gundi ipakwe kwenye jalada, si kwenye kitambaa, tena kwa tabaka jembamba. Kitambaa kilicholoweshwa gundi hujikunyata na kuacha mabaka.

Upungufu wa njia hii ni kwamba umepamba kitu ambacho hukukitengeneza. Karatasi ni ya kiwanda, mara nyingi nyembamba kiasi cha wino kuonekana upande wa pili, na mgongo ukilegea baada ya miezi sita, huna la kufanya, maana hukuushona wewe. Hata hivyo, kwa yule mweka hazina wa kikoba nisingeshauri njia nyingine yoyote. Mistari iliyonyooka na kurasa nyingi zina thamani kubwa kwake kuliko mshono wangu, na akilimaliza daftari mwisho wa mwaka, kava lenyewe linaweza kubanduliwa likavikwa daftari jipya, iwapo ulilishona mifuko miwili ya ndani ya kupachikia majalada badala ya kulibandika. Hilo la kulishonea mifuko ni bora kuliko kubandika kwa mtu anayemaliza madaftari haraka, na fundi cherehani hulimaliza kwa muda mfupi tu ukimpelekea vipimo.

Kitita kimoja

Njia hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote, na sitaficha upendeleo wangu. Unachukua karatasi 10 au 12 za A4, unazikunja katikati, na tayari una kurasa 40 au 48 za A5. Unaziweka ndani ya jalada la manila lililobandikwa kitambaa, unatoboa matundu matano kwenye mstari wa mkunjo, na unashona kwa uzi mmoja wenye urefu wa mara mbili na nusu ya urefu wa mgongo, yaani kama sentimita 53 kwa daftari la A5. Sindano inaingia kwa tundu la kati kutokea ndani, inakwenda ikiingia na kutoka hadi tundu la juu, inarudi, inaruka tundu la kati na kushuka hadi la chini, kisha inarudi hadi katikati, ambapo ncha mbili za uzi zinafungwa fundo juu ya ule uzi mrefu uliopita. Mtu ambaye hajawahi kushika sindano anaweza kujifunza kwa nusu saa.

Matundu yatobolewe kwanza, kabla ya sindano. Mafundi viatu hutumia msharasi, kile chuma chembamba chenye ncha na mpini, na wengi wao hawakatai kuazima kwa dakika chache ukikaa hapo hapo kwenye kibanda chao. Kifungue kitita kama kitabu kilichoachama, kiegemeze juu ya gazeti lililokunjwa mara nyingi, kisha usukume msharasi ukiuelekeza chini kabisa kwenye bonde la mkunjo. Ukikosea kwa milimita moja tu, tundu hutokea kando ya mgongo, na uzi ukivutwa hupasua karatasi ya nje. Uzi wenyewe nao uombe kwa fundi viatu: ni mnene, umepakwa nta, na hauikati karatasi kama ule mwembamba wa cherehani. Kama umepata uzi wa pamba usio na nta, upitishe mara tatu juu ya mshumaa. Utauona unatulia na kuacha kujisokota.

Wapo watakaosema kwamba kitita kimoja ni daftari la kitoto, kisichofaa kuwa zawadi ya mtu mzima. Ushahidi wa zamani unasema vingine. Mwaka 1945, karibu na mji wa Nag Hammadi katika Misri ya Juu, vilifukuliwa vitabu 13 vya mafunjo vilivyoandikwa kwa Kikopti, lugha ya Wakristo wa Misri ya kale, katika karne ya 4, vingi vikiwa bado na majalada yake ya ngozi, na karibu vyote vimeundwa kwa kitita kimoja tu kilichoshonwa kwenye mkunjo. Vimekaa chini ya ardhi kwa takriban miaka 1,600. Mshono rahisi haumaanishi mshono dhaifu.

Mipaka yake ni miwili. Kwanza, karatasi zikizidi 12 za gramu 80 kwa mita ya mraba, kitita huvimba na kukataa kufunga, na zile za ndani husukumwa nje kuliko za nje, hivyo ukingo wa mbele unakuwa kama mteremko. Inabidi ukatwe kwa kisu kikali na rula ya chuma baada ya kushona, si kabla. Pili, kurasa 48 huisha upesi. Hilo la pili, kwa maoni yangu, ni faida katika zawadi. Daftari dogo halimtishi anayelipokea, haliogopwi kama kitabu kikubwa cheupe, na likiisha una sababu ya kumtengenezea lingine. Kwa muuguzi yule nilitengeneza matatu ya A6 kwa vipande vya kitenge kimoja, nikayafunga pamoja kwa utepe, na mwezi uliofuata aliniletea moja likiwa limejaa majina ya dawa, namba za simu na orodha ya vitu vya sokoni. Sijawahi kupata shukrani iliyonifurahisha kuliko kurasa zile.

Mnyororo

Sasa tufike kwenye njia inayovutia macho ya wengi. Mshono wa mnyororo, unaoitwa pia mshono wa Kikopti kwa sababu ulitumiwa na Wakristo wa Misri tangu karne za mwanzo za vitabu vya kukunja, huviunganisha vitita kwa vitanzi vinavyoonekana wazi kwenye mgongo, mfano wa suka zilizopangwa safu. Daftari la namna hii hufunguka digrii 180 likalala mezani bila kushikwa, na hapo linayashinda mengine yote. Kwa rafiki anayeandika kwa mkono wa kushoto, au anayechora kwa kutumia kurasa mbili kwa pamoja, hakuna linalolifikia.

Gharama yake ni muda na utulivu. Vitita 8 vya karatasi 4 kila kimoja hukupa kurasa 128 za A5, na kwa matundu matano kila kitita una matundu 40 ya kutoboa, yote yakiwa kwenye mstari mmoja, mbali na yale ya majalada mawili. Tengeneza kwanza kipimo cha manila chenye matundu matano, ukitumie kwa kila kitita. Anayetoboa kwa kukadiria kwa jicho hupata mgongo uliopinda kama njia ya mlimani. Uzi unahitaji urefu wa mgongo mara idadi ya vitita, kisha uongeze urefu wa mgongo mara mbili zaidi kwa ajili ya majalada na kipande cha kushikia. Kwa daftari hilo ni kama mita 2 na sentimita 10. Jalada liwe kadibodi ya milimita 2, ile ngumu isiyo na mawimbi ndani, kwa sababu kadibodi ya katoni hubonyea pale uzi unapoibana.

Jambo linaloamua uzuri wake ni mvuto wa uzi. Kila unapotoka kwenye tundu na kupitisha sindano nyuma ya kitanzi cha kitita kilichotangulia, vuta uzi kwa kuufuata mstari wa mgongo, usiuvute kuelekea kwako, kwa sababu ukiuvuta kuelekea kwako uzi hugeuka msumeno na kuipasua karatasi kwenye tundu. Vuta hadi kitanzi kikae kama punje ya mtama, kisha acha. Ukilegeza, vitita hucheza na daftari linalala upande kama mtu aliyechoka. Ukikaza mno, mgongo hujikunja kwa ndani. Hakuna maelezo yanayoweza kuufundisha mkono kiasi hicho cha mvuto, na ndiyo maana nashauri kwamba daftari la kwanza la mnyororo lisiwe lile la zawadi. Tengeneza la majaribio kwa karatasi zilizotumika upande mmoja, ubaki nalo mwenyewe.

Mshono huu una udhaifu ambao wauzaji wa madaftari ya mapambo huupitia juu juu: mgongo uko wazi. Vumbi huingia, uzi hukwaruzwa na funguo ndani ya mkoba, na baada ya mwaka wa matumizi ya kila siku vitanzi huanza kulegea. Kwa rafiki ambaye daftari lake hukaa mezani au kando ya kitanda, hilo si tatizo. Kwa yule anayepanda daladala na daftari ndani ya mkoba uliojaa, kitita kimoja chenye jalada laini kitadumu zaidi, ijapokuwa kinaonekana duni zaidi.

Kwa hiyo, ukiwa na jioni moja na rafiki anayeandika sana kwa mistari, vika kaunta buku. Ukiwa na siku moja na rafiki anayetembea na daftari, shona kitita kimoja. Mnyororo uchague pale tu unapokuwa na wikendi mbili mbele yako, umekwisha kufanya majaribio, na unajua kwamba rafiki huyo huandika akiwa ameketi.

Karatasi

Watu hutumia siku nzima kuchagua kitambaa na dakika moja kuchagua karatasi, ilhali mkono wa rafiki utakaa juu ya karatasi. Rimu ya kawaida ya ofisini ina karatasi 500 za gramu 80 kwa mita moja ya mraba, na inatosha kabisa kwa kalamu ya kawaida. Kwa kalamu ya wino wa maji au ya rangi tafuta gramu 100 au zaidi, vinginevyo upande wa pili wa ukurasa hautumiki.

Kuna jambo moja ambalo lilinichukua muda kulielewa. Nyuzi za karatasi hulala upande mmoja, na karatasi hukunjika vizuri pale mkunjo unapofuata mlalo wa nyuzi hizo. Karatasi nyingi za A4 zina nyuzi zilizolala kwa urefu, kwa hiyo ukizikunja kupata A5 unakata mlalo wake, na mkunjo unavimba na kupasuka-pasuka juu. Ukitaka kuhakikisha, chana kipande: upande unaochanika kwa mstari ulionyooka ndio mlalo wa nyuzi. Dawa yake ni kununua karatasi za A3, ambazo mara nyingi nazo nyuzi zake zimelala kwa urefu, kuzikata katikati kuwa A4, kisha kuzikunja. Hapo mkunjo unafuata nyuzi. Kama A3 haipatikani, kunja karatasi mbili mbili badala ya zote kwa pamoja, pitisha mgongo wa kijiko juu ya mkunjo kwa nguvu, na uziache chini ya vitabu vizito usiku kucha kabla ya kushona. Tofauti utaiona asubuhi.

Kuhusu mistari, anayetengeneza mwenyewe huwa na kurasa tupu, na si kila mtu huweza kuandika juu ya ukurasa mtupu bila maandishi kuteremka. Badala ya kupiga mistari kurasa zote, weka ndani ya daftari karatasi moja iliyopigwa mistari minene myeusi; rafiki ataiweka chini ya ukurasa anaouandika, mistari itaonekana kwa mbali, na akiondoa karatasi ukurasa unabaki safi.

Kanga, kitenge na gundi

Kitenge ni rahisi kufanyia kazi kuliko kanga, kwa sababu ni kizito zaidi na gundi haikipenyi upesi. Kifue kwanza kikiwa kipya ili wanga wa kiwandani utoke, kikaushe, kipige pasi. Si lazima ununue doti nzima: mafundi cherehani hubaki na vipande vinavyotosha daftari la A5, na wengi hutoa kwa bei ndogo sana au bure.

Kanga ina kitu ambacho kitenge hakina, nacho ni jina. Pindo lake, mji wake na ule usemi ulioandikwa juu ya pindo la chini vinaweza kulifanya daftari liseme jambo ambalo wewe mwenyewe usingeweza kulisema ana kwa ana. Lakini pima kabla ya kukata. Daftari la A5 likifunguliwa lina upana wa kama sentimita 30 tu, na jina la kanga mara nyingi ni refu kuliko hapo. Jina linaloanzia jalada la mbele, likauzunguka mgongo na kumalizikia nyuma hupendeza. Jina lililokatwa katikati ya neno huweza kubadilika maana na kuwa tusi au upuuzi. Chagua jina fupi, na lisome kwa jicho la yule atakayelipokea, kwa kuwa majina mengi ya kanga ni ya mafumbo na ya vijembe. Na kwa kuwa kanga huuzwa mbili mbili, kuikata moja ya doti mpya huiacha nyingine mjane. Mimi hutumia kanga iliyokwisha kuvaliwa na kufifia kidogo, hasa ikiwa ni ya nyumbani na rafiki anaikumbuka.

Wembamba wa kanga hutibiwa kwa kuipa mgongo. Kile kitambaa cheupe chenye gundi ambacho mafundi cherehani hukibandika kwa pasi ndani ya kola za mashati kinafaa sana: kibandike nyuma ya kanga, na gundi haitapenya tena. Gundi nyeupe ya mbao, iliyozimuliwa kwa maji kidogo, ndiyo ninayoiamini. Uji wa unga wa ngano hubandika vizuri pia na hukupa muda wa kusogeza kitambaa kabla hakijashika, lakini mende huupenda, na katika miezi ya masika, Machi hadi Mei, hewa ya pwani huweza kuuotesha ukungu kabla haujakauka. Gundi ya kubandikia soli usiiguse kabisa kwa kazi hii. Niliwahi kuitumia kwenye kanga nyeupe na nyekundu kwa sababu nilikuwa na haraka. Ilishika mara moja, lakini baada ya wiki chache mabaka ya manjano yalitokeza juu ya kitambaa, na harufu haikutoka.

Jalada gumu lililobandikwa kitambaa upande mmoja litapinda likikauka, kwa kuwa gundi hujivuta. Libandike karatasi upande wa ndani siku hiyo hiyo ili pande zote mbili zivutane sawa, kisha uliweke chini ya uzito kwa saa 24, ukitenganisha jalada na kurasa kwa karatasi ya plastiki ili unyevu usihamie ndani.

Mapambo yanayolala na mapambo yanayosimama

Hapa ndipo madaftari mengi ya zawadi yanapoharibikiwa. Shanga, vifungo, maua ya kitambaa na makombe madogo ya baharini hupendeza siku ya kutoa, lakini daftari halikai tena sawa mezani, mkono wa anayeandika hukwaruzwa, na kitu cha kwanza kubanduka huifanya kazi yote ionekane imechakaa. Rangi nzito za mafuta, za aina inayotumiwa katika michoro ya Tingatinga, iliyopewa jina la Edward Saidi Tingatinga aliyefariki mwaka 1972, hukaa vizuri juu ya ubao uliotulia. Juu ya jalada linalokunjwa kila siku hupasuka kwenye mgongo. Ukizipenda, zichore katikati ya jalada gumu peke yake, mbali na mgongo.

Mapambo yanayolala hudumu. Kudarizi herufi ya kwanza ya jina la rafiki kwenye kitambaa, kabla ya kukibandika, ni kazi ya saa moja na hubaki muda wote wa maisha ya daftari. Kuchonga muhuri kwenye nusu ya kiazi mbatata na kuupiga kwa rangi ya kitambaa hukupa pindo la kujirudia ambalo hakuna duka linaloliuza. Na usisahau ndani. Siyu, mji wa kisiwani Pate katika pwani ya Kenya, ilipata sifa katika karne ya 18 na ya 19 kwa misahafu iliyonakiliwa kwa mkono na kupambwa kwa wino mweusi, mwekundu na wa manjano. Mapambo hayo yako ndani, juu ya kurasa zenyewe, yakiyazunguka maandishi. Mtu anayepamba daftari la rafiki anaweza kujifunza hapo: fremu ya mistari miwili myekundu na kijitawi kidogo cha majani kwenye pembe, kwenye kurasa nne au tano zilizotawanywa ndani ya daftari, humfurahisha mwandishi anapozikuta katikati ya matumizi, wakati kava amekwisha kulizoea.

Ukurasa wa kwanza

Linabaki swali la kuandika au kutoandika wasia wa upendo kwenye ukurasa wa kwanza. Wengine huandika barua nzima hapo, na nimeona jinsi barua hiyo inavyomfunga rafiki: hawezi tena kuandika orodha ya vitunguu na sabuni kwenye ukurasa unaofuata maneno mazito kama yale. Wengine huuacha mtupu kabisa, na rafiki hubaki akiuogopa weupe wake. Mimi sasa barua naiandika kwenye karatasi ya pembeni, naikunja na kuiweka katika mfuko mdogo wa kitambaa uliobandikwa ndani ya jalada la nyuma. Kwenye ukurasa wa kwanza naandika jambo la kawaida kabisa, kwa kalamu ya kawaida na kwa mwandiko wangu wa kila siku: tarehe, na kitu nilichokuwa nikipika siku niliyomaliza kushona. Daftari linamfikia likiwa limekwisha kuanza kuandikwa, naye huendelea kutoka hapo.